Hela ya kusoma lugha za Kiafrika na kufanya utafiti nje ipo, ila angalia inatoka kwa nani

Mdogo wangu uliyeuliza kama kuna mfadhili anayemtaka mtu wa Kiswahili na isimu au skolashipu za nje ni za watu wa sayansi na IT tu, hela ipo na mimi nimesomeshwa nayo. Nilianza na FLTA (mpango wa wasaidizi wa kufundisha lugha Marekani) baada ya digrii ya kwanza hapa Bongo, baadaye nikafanya masta Marekani huku nafundisha Kiswahili chuoni, so naongea nilichokipitia.

Ukigugo utakutana na ufadhili wa Marekani wa kujifunza lugha kama FLAS, Boren, Critical Language Scholarship na Fulbright-Hays, utaona Kiswahili, Kizulu, Kiwolofu vyote vimo utafurahi sana. Usizipotezee muda. Boren na Critical Language ni za raia wa Marekani tu, zile nyingine ni za raia au mwenye ukaazi wa kudumu. FLAS mwanzo wake ni sheria ya Marekani ya 1958, Warusi walikuwa wamerusha Sputnik mwaka mmoja nyuma na Marekani ikajiona haina watu wanaojua lugha za dunia, na Boren iliyokuja baadaye, anayepewa anatakiwa akafanye kazi serikalini kwao mwaka mmoja. Ndio maana nasema angalia kwanza anayetoa hela anataka nini.

Lakini hata kama sio zako zinakugusa. Wanafunzi wa FLAS wamo kati ya wanaokaa kwenye madarasa ya Kiswahili kule, na 2025 wizara yao ya elimu ilisitisha hela hiyo, darasa likipungua watu na nafasi ya kufundisha inapungua. Kwa hiyo kabla hujaaplai chuo chochote mwandikie mkuu wa programu ya Kiswahili umuulize kama mwakani bado wanachukua msaidizi wa kufundisha, usiamini tovuti.

FLTA ni ya Fulbright, yaani ufadhili wa serikali ya Marekani, unaenda mwaka mmoja wa masomo kusaidia kufundisha Kiswahili, tiketi, bima na posho wanalipa wao na unasoma kozi chache bure. Haikupi digrii. Pia baada ya hapo viza yake inakutaka ukae nyumbani miaka 2 kabla ya kupata viza ya kazi au grini kadi, ila kurudi kama mwanafunzi haikuzuii, wengi wanadhani inazuia wanakata tamaa bure. Faida yake kubwa ni maprofesa wanakuona ukifundisha, hao ndio watakuandikia barua za masta. Ohio, Wisconsin, Indiana, Kansas ni vyuo vyenye historia ndefu ya Kiswahili, anza hapo.

Ulaya iko tofauti, wanataka mada yako zaidi. DAAD, shirika la ufadhili la Ujerumani, wana hadi ufadhili wa utafiti wa miezi michache kwa mtu anayefanya udaktari nchini kwake, na Bayreuth kulekule Ujerumani kila mwaka kuna kongamano la Kiswahili ambapo utakutana na karibu kila profesa wa fani hii kutoka Hamburg, Leipzig, Napoli, Paris na London.

Sasa sikiliza hapa kwenye swali linalowaangusha watu wetu, "kwa nini uje Ulaya kutafiti Kiswahili wakati wenyewe mko nacho?" Jibu la "kuna vifaa bora" halitoshi kabisa. Jibu linalobeba ni kwamba vitu vyetu viko kwao. Tungo za mshairi Muyaka zilizokusanywa na mmisionari Taylor pale Mombasa karne ya 19 ziko chuo cha SOAS London, pamoja na miswada mingine ya tenzi kwa hati za Kiarabu. Kama unasoma hati hizo, na hata madrasa inahesabika hapa, una kitu ambacho wanafunzi wengi wa huko wanahangaika miaka kukipata. Kiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa proposo, usikifiche chini kabisa kwenye CV. Taja na mkusanyiko wenyewe unaotaka kuufungua, na barua ya mwenyeji anayekubali kukusimamia.

Kama wewe ni mtu wa fildi, ELDP ndio nawapenda zaidi, makao yao sasa ni Berlin. Wao shida yao ni lugha inayokaribia kufa isipotee bila kurekodiwa, kwa hiyo pasipoti hawaiangalii, mradi uwe na taasisi inayokupokea na ukubali rekodi zako ziwekwe kwenye hifadhi yao. Kiswahili sanifu hakimo, ila Kiakie au Kihadza una hoja. Inaniuma kuona lugha za hapa kwetu zinaandikiwa proposo na watu wa mbali tu.

Ukishapata hela usisahau vibali. Kenya, NACOSTI (tume yao ya sayansi) wanataka leseni hata kwa Mkenya mwenyewe, Zanzibar wana utaratibu wao mbali na wa COSTECH, tume ya sayansi ya bara, na ukichelewa hapo dirisha la mfadhili linaweza kuisha ukiwa bado ofisini unasubiri muhuri.

Halafu FLTA, DAAD na ELDP hawatozi hela ya fomu, akitokea mtu anakuomba ya "kufuatilia" achana naye. Weka hapa mada yako na lugha unayoitaka nikuambie niliona nani anashughulika nayo.