Kipindue Kipimo Chako, Binti Yangu

Juzi binti mmoja anayeuza nafaka Mtwapa aliniandikia: "Mama, shikamoo. Unatufundisha tumpende Mungu kwa moyo wote. Mbona nikishika amri zake napata hasara, na wenzangu wanaopunja wanajenga?"

Ujumbe huo nimeusoma mara tatu. Miaka minane iliyopita, mimi nilikuwa mmoja wa hao wenzake.

Hapa Malindi dukani kwangu palikuwa na gorogoro mbili, yale makopo ya kupimia nafaka. Ile ya kununulia ilikuwa imeongezwa mdomo kwa ukanda wa bati, fundi akauunga vizuri hata ukitazama kwa juu hutambui. Ile ya kuuzia ilikuwa imegongwa kitako kwa nyundo kikaingia ndani. Wakulima wa Langobaya na Jilore wakileta mahindi ya mvua za mwaka, natoa ya kwanza. Mnunuzi akija, natoa ya pili. Na Jumapili nasimama mbele ya watoto nikiwakaririsha Kumbukumbu la Torati 6:5: "Nawe mpende BWANA, Mungu wako, kwa moyo wako wote, na kwa roho yako yote, na kwa nguvu zako zote." Watu walinisifia sauti, nami nilipenda kusifiwa.

Siku moja akaja bibi mmoja wa Langobaya na nusu gunia. Kwa kipimo changu zikatoka gorogoro 20. Hakubishana. Alifungua kikapu chake cha ukili, akatoa kopo lake kuukuu na kuliweka mezani kando ya langu. Midomo ya makopo haikulingana. Kisha akaichukua ile ya kuuzia, akaipindua, akatia ngumi kwenye lile bonde la kitako. Ngumi ikakaa. Akaniangalia, akahesabu pesa zake, akaenda. Duka lilikuwa limejaa watu.

Usiku nilifungua Kumbukumbu la Torati 25. Mungu anakataza mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo, na vipimo viwili nyumbani, kikubwa na kidogo, na anayefanya hivyo anamwita chukizo. Nilikuwa nimeyasoma hayo zamani, nikayaachia Waisraeli. Nikarudi sura ya 6. Wayahudi hukariri maneno yake asubuhi na jioni, na walimu wao wa kale katika Mishna, kitabu cha mafundisho yao, walieleza kwamba "kwa nguvu zako zote" ni kwa mali yako yote. Nililia. Moyo nilidhani nimempa, sauti nimempa, lakini makopo nilibaki nayo.

Walawi 6 inasema aliyedhulumu arudishe alichochukua na aongeze sehemu ya tano. Kila nilipopima 4 zilikuwa 5 kwa kipimo cha haki, kwa hiyo bibi nilimla gorogoro 5. Nilipanda bodaboda na gorogoro 6 za mahindi kwenye gunia. Alinikaribisha, akanipa maji, halafu akaleta kopo lake akayapima yote mbele yangu, moja moja. Zilipotimia sita akasema, "Haya." Hakuongeza neno. Wengine niliowakumbuka niliwarudishia pia. Ilichukua miezi mingi.

Hasara ilikuwepo, binti yangu, sikufichi. Na kanisani mtu mmoja alisema nimetubu kwa sababu nimeumbuliwa. Neno hilo bado linanichoma. Aliyenitia nguvu ni jirani yangu wa duka, Mwislamu, aliyeniambia hata Qur'ani ina sura inayoanza kwa ole kwa wanaopunja vipimo. Leo wakulima wanapita maduka matatu kuja kwangu, na wamama wa Watamu hunitumia watoto na pesa bila wasiwasi. Nashukuru, na nafurahi kusema hivyo.

Sasa nisikilizeni, ninyi nyote mnaofanya biashara na mnamwimbia Mungu. Walawi 19 ndiyo yenye "mpende jirani yako kama nafsi yako". Sura hiyo hiyo inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi, na inadai mizani ya haki na pishi ya haki. Mungu hakuvitenga, ninyi mnavitengaje? Hamali aliyekubebea magunia leo mlipe leo, jua halijazama. Amri ziandike mlangoni kama tulivyoagizwa tuziandike juu ya miimo ya nyumba. Mimi nimeandika kwa chaki, na mvua ikifuta naandika tena. Wafundishe watoto wako hapo hapo dukani, wakiona mkono wako unavyopima.

Nawe wa Mtwapa, usinijibu kwanza. Ingia dukani kabla hujafungua, chukua kopo lako la kuuzia, lipindue, utie ngumi.