Volkswagen Beetle: pedali ya breki inayozama
Ndugu, umesema pedali inazama polepole ukiikanyaga kwenye taa nyekundu, na hakuna oili ya breki inayovuja. Basi usikimbilie kununua breki shuu (vipande vinavyosugua ndani ya gurudumu kulisimamisha). Raba za ndani ya masta silinda (pampu inayosukuma oili ya breki ukikanyaga pedali) zimechoka. Badilisha masta nzima, maana hapo ni roho za watu. Ingekuwa inashuka sana halafu inapanda na kuwa ngumu ukipampu, ungekaza shuu tu. Kagua na hosi za mpira za breki: zikivimba ndani, gurudumu linabaki limeshikwa hata ukiachia. Tumia oili ya breki mpya ya DOT 3 au DOT 4, kamwe usitie oili ya injini, inaharibu raba zote. Kutoa upepo ulioingia kwenye breki, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta.