Usikanyage zile nyasi za Ondiri, nakuomba

Wewe uliyeandika kwamba Jumamosi unaenda Ondiri, kile kinamasi cha Kikuyu karibu na Nairobi, na gambuti, uingie kwenye nyasi usogelee kiota cha korongo taji, na ukauliza eti mwezi gani ni mzuri na ubebe lenzi gani: simama hapo hapo. Usiingie! Gambuti zitajaa maji tu.

Ule ukijani unaouona pale si ardhi. Ni nyasi na matete yaliyoshikana mizizi yakaelea juu ya maji, kama mkeka uliotandazwa juu ya beseni. Ukikanyaga hapa, matete ya mbele yako yanatikisika. Mimi niliona ni raha, nikacheka hata.

Aliyeniingiza humo ni jamaa aliyejiita mwongozaji. Mia tano alichukua kwanza. "Pakavu hapo, bosi, hata ng'ombe hupita." Ng'ombe gani? Sikuona hata alama ya kwato! Hatua ya sita mguu wa kulia ukazama hadi pajani, wa kushoto ukaufuata. Nikashika matete kwa mikono miwili. Sasa jiulize mikono hiyo ilikuwa imeshika nini. Mkanda nilikuwa nimeuvua shingoni kwa sababu unaniwasha. Kamera ikasema "blup", basi. Nayo ilikuwa ya shemeji. Elfu themanini na tano, nimelipa 8,500 kila mwezi kwa miezi kumi, na kila mwisho wa mwezi naambiwa "pole, wewe mwanamaji".

Yule bingwa alikuwa nchi kavu akinishauri nisitingishike. Walionitoa ni kina mama wawili waliokuwa wakikata nyasi ya ng'ombe. Walinisukumia mti mrefu, wakaniambia nilale kifudifudi, wakanivuta kama gunia la viazi. Mmoja akauliza, "Wewe wa Nairobi, si ungeuliza kwanza?" Nilikuwa nimeuliza, mama. Niliuliza mtu wa mia tano.

Halafu hicho kiota kiache. Korongo taji hutaga chini, humo humo kwenye matete, mayai mawili au matatu, na ni ndege walio hatarini kutoweka duniani. Ukiwafukuza kwa ajili ya picha, mayai yanabaki wazi.

Keti nchi kavu, nyamaza nusu saa, ndege aje mwenyewe. Hii ndiyo sheria yangu na nimeilipia. Nilipokuwa nimeketi malishoni nakamua soksi, korongo wawili walitoka kwenye matete wakaja karibu hivi kwamba niliona wanavyopigapiga miguu chini kufukuza wadudu wawadonoe. Taji la dhahabu linawaka jua, kile kining'inio chekundu shingoni kinacheza. Nami mkononi nina soksi.

Matatu ni 105, utashuka Kikuyu. Kuhusu lenzi muulize shemeji. Mimi haniazimi tena kitu, hata chaja.