Dawa ya kibofu ya bibi: nenda na vidonge vyake vyote

Pole dada kwa kumuuguza bibi hapo Newala. Umesema daktari wa njia ya mkojo alimwandikia oksibutinini kwa sababu ya kukimbilia choo kila mara, na daktari mwingine anataka aiache. Hujui umsikilize nani.

Kila mmoja anatazama upande wake. Wa mkojo anataka kibofu kitulie. Yule wa pili anaogopea kichwa na tumbo. Na mimi naona hofu yake ni ya haki. Oksibutinini hufika hadi kwenye ubongo, na kwa mzee wa miaka 78 inaweza kuleta usahaulifu, kuchanganyikiwa, kinywa kikavu na choo kigumu. Ukiona tonge la ugali halishuki bila maji, au anauliza jambo lile lile mara tatu, rudi kwa daktari wiki hii hii. Na ile piritoni anayomeza usiku kwa mafua? Madhara yake ni ya aina hiyo hiyo, yanajumlishana.

Ipo dawa nyingine ya kibofu, mirabegroni, haifanyi kazi kwa njia hiyo, ila inaweza kupandisha presha, kwa hiyo apimwe kwanza. Mkojo na sukari pia vipimwe. Vidonge vyote, hata vya duka la dawa, vitie mfuko mmoja uende navyo hospitali ya Ligula, Mtwara.