Maswali ya wasomaji: haibridi ya kuchaji inapopoteza nguvu

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu haibridi za kuchaji, yaani zile zenye mota, injini na tundu la kuchomeka waya wa umeme. Nimechagua zinazoweza kuwasaidia wengi. Ujumbe wa "gari langu halivuti, tatizo nini?" usiotaja aina ya gari, mwaka wala taa iliyowaka sitaujibu tena, nimeshaomba vya kutosha. Piga picha ya dashibodi taa zikiwa zimewaka, kisha uandike gari lilikuwa linafanya nini nguvu zilipopotea: linapanda, limesimama, au limetoka kuchajiwa.

Shikamoo fundi. Nina Mitsubishi Outlander PHEV (haibridi ya kuchaji) ya 2014. Asubuhi nimebonyeza pawa, taa zote za onyo zimewaka na READY, ile taa ya kuonyesha gari liko tayari kuondoka, haiji. Fundi wa mtaani anasema betri kubwa imekufa. Niuze gari? (Mwanza)

Marahaba. Usiuze, na usimpe huyo fundi hata shilingi kabla hajapima.

Anza na betri ndogo ya volti 12. Kompyuta zote za gari huamshwa na hiyo, na swichi kubwa zinazounganisha betri ya volti 300 na mota hufungwa kwa umeme wake. Ikichoka, betri kubwa inaweza kuwa imejaa na gari lisisogee hata hatua. Chukua mita ya kawaida, pima gari likiwa limepumzika usiku kucha. Ikisoma karibu 12.6 ni nzima. Ikiwa chini ya 12, umempata mshukiwa wa kwanza. Ichaji au weka nyingine, washa gari, kisha upime tena READY ikiwa imewaka: mita inapaswa kupanda hadi 14 hivi. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa ili kichaji ile ndogo hakifanyi kazi, na hata betri mpya itakufa vilevile.

Angalia pia kifaa cha kufuatilia gari, kama umefungiwa. Magari mengi yanaletwa gereji kwa sababu waya wa kifaa hicho uliunganishwa ovyo na unanyonya betri usiku kucha.

Fundi akishikilia kwamba betri kubwa ndiyo mbovu, mwulize: seli ipi? Outlander ya mwaka huo ina seli 80 zilizoungwa mfululizo, na mashine inayofaa inasoma volti ya kila moja. Akishindwa kukutajia namba, hajapima. Mwombe pia akusomee uwezo uliobaki. Ikiwa mpya ilikuwa Ah (ampea-saa) 40, kwa hiyo ukiona 26 imepoteza zaidi ya theluthi. Hapo utatembea kilomita chache kwa umeme, lakini gari bado linawaka na linakwenda. Betri iliyozeeka siyo betri iliyokufa, na watu wanauziwa betri mpya kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza tofauti hiyo.

Fundi alifuta kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari, likawa zima siku mbili, kisha likarudia kukosa nguvu. Afute tena? (Kisumu)

Asifute! Kodi inapojiandika, kompyuta huhifadhi pamoja nayo hali ya wakati ule: mwendo, joto, volti, mzunguko wa injini. Huo ndio ushahidi wa kwanza wa fundi, na anayefuta kabla ya kusoma ameuteketeza. Ukienda gereji, sema kabla boneti haijafunguliwa: piga picha ya kodi zote, za injini, za betri na za mota, ndipo uguse kitu. Gereji inayokataa sharti hilo, ondoka.

Tena, vimashine vya bei ndogo vinasoma kompyuta ya injini peke yake. Kwenye haibridi vinaweza kukuambia hakuna tatizo huku kompyuta ya betri imejaa kodi.

Naweza kutoa betri kubwa nikabaki na petroli tu? (Bujumbura)

Hapana. Injini yenyewe huwashwa na umeme wa betri hiyo.

Kaka, nikipanda mlima wa Kitonga na familia na mizigo, Outlander yangu injini inanguruma lakini gari linatambaa. Betri huwa imeisha tangu Morogoro. Ni giaboksi? (Iringa)

Giaboksi unayoifikiria gari hilo halina. Kwenye mwendo mdogo, chini ya kilomita 65 hivi kwa saa, injini haizungushi magurudumu. Inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota, na mota ndizo zinazovuta. Panapohitajika nguvu nyingi, betri inaongezea pale jenereta inapoishia. Wewe unafika kwenye kona za Kitonga nyuma ya lori, gari limejaa watu, betri tupu. Msaidizi hayupo, inabaki jenereta peke yake.

Dawa ni vitufe viwili ambavyo wamiliki wengi hawajawahi kuvigusa. SAVE inazuia betri isitumike ovyo. CHRG inaiagiza injini iichaji. Bonyeza SAVE ukitoka Morogoro betri ikiwa bado na kitu, na kama imeisha, bonyeza CHRG kwenye tambarare kabla ya Ruaha Mbuyuni. Ukisubiri mpaka mlimani umechelewa, maana huko injini haina nguvu ya ziada ya kuchaji. Mafuta yataliwa zaidi kidogo, lakini ni nafuu kuliko kukwama kwenye kona ukiwa na watoto, malori yakija nyuma.

Wakati wa kushuka, tumia vile vijiti vya kwenye usukani, B3 hadi B5, mota zipunguze mwendo na kuichaji betri. Usikanyage breki mlima mzima.

Gari lilikuwa zima. Nikaongeza gesi ya AC, baada ya wiki halifiki READY, kodi ni P0AA6. Gesi inahusikaje na gari kutotembea? (Dar es Salaam)

Inahusika sana. P0AA6 maana yake umeme wa betri kubwa unavuja kwenda kwenye bodi ya gari, na kompyuta inakataa kuwasha gari ili usije ukapigwa shoti. Ni ulinzi wa maisha. Yeyote anayekushauri kuukwepa, mkimbie.

Kompresa ya AC kwenye haibridi ya kuchaji inazungushwa na umeme uleule wa betri kubwa, na nyaya za mota yake ziko ndani humo zikiogelea kwenye oili ya AC. Kwa hiyo inahitaji oili maalumu isiyopitisha umeme. Magari ya Toyota hutumia ND-11. Fundi wa AC aliyezoea magari ya petroli anaweka oili ya kawaida, ile ya PAG, na kiasi kidogo tu kinatosha kuharibu kinga ya umeme. Hata mabaki yaliyomo kwenye mipira ya mashine yake ya kujazia ni hatari.

Lipeleke kwa fundi mwenye kipimo cha uvujaji cha volti kubwa, mita ya kawaida haiwezi kazi hiyo. Atenganishe kompresa kwanza, kisha apime. Uvujaji ukiisha, mhalifu amepatikana. Ukibaki, aendelee na nyaya za rangi ya chungwa na betri yenyewe, hasa kama ulipita kwenye maji ya mafuriko msimu huu. Wakati huo usilichaji gari, na asiyefundishwa asifungue chochote chenye waya wa chungwa.

Toyota Prius PHV ya 2013 inatetemeka ikiwashwa asubuhi, kisha inatulia. Sasa haichanganyi vizuri. Nimeshabadilisha plagi na koili. (Nairobi)

Umebadilisha kabla ya kupima. Angalia kulanti, yaani maji ya kupoza injini: je, inapungua bila kuvuja chini? Injini hizi hujaza masizi kwenye kipoza cha EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini), na nyingi huishia kuunguza gasketi ya silinda hedi. Kulanti inachuruzika usiku ndani ya silinda, asubuhi injini inatetemeka mpaka iichome yote. Pima presha ya mfumo wa kulanti kwa saa kadhaa, na usiendelee kuliendesha ukijaza maji kila wiki.

Ndugu, niko Ohio, nina Chrysler Pacifica Hybrid ya 2018. Je, kuzima ghafla barabarani ni kawaida yake? (Marekani)

Si kawaida, na usivumilie. Mwaka 2023 mtengenezaji aliyaita yarudi kurekebishwa magari takribani 67,000 ya aina hiyo, ya 2017 hadi 2023, kwa sababu ya hitilafu ya nyaya za giaboksi inayoweza kuzima injini. Ingiza namba ya VIN (namba ya utambulisho wa gari) kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, leo. Matengenezo ya wito kama huo ni bure.

Wenzetu wa Afrika Mashariki hawapigiwi simu na mtu. Mwaka 2018 Toyota iliita magari milioni 2.4 ya Prius na Auris duniani kwa hatari ya kupoteza nguvu na kuzima yakiwa kwenye mwendo, na gari likishauzwa Japani na kupakiwa melini, barua ya wito haimfuati mwenye gari Mombasa. Toyota na Mitsubishi wana kurasa za Kijapani zinazokubali namba ya chesisi. Ingiza namba hiyo kabla ya kulipia gari.

Likizima, nilivute kwa kamba? (Mbeya)

Outlander hapana, libebwe magurudumu yote manne juu. Prius iinuliwe magurudumu ya mbele. Magurudumu yakizunguka, mota nazo zinazunguka na kuzalisha umeme, na unaweza kuunguza kile kilichokuwa kizima.