Chumba cha muziki kimejaa, nianzie wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa muziki katika shule ya msingi mjini Tanga. Chumba chetu kimejaa ngoma, kayamba na nota za zamani hata wanafunzi hawana pa kukaa. Je, niwashirikishe kukipanga?

JIBU: Washirikishe, Mwalimu, kwani wao ndio watakaokitumia kila siku. Siku isiyo na mvua toeni vyote nje, kila kikundi kikague ala zake. Ngoma iliyopasuka ngozi isitupwe kamwe, bali itengwe ili fundi aiwambe upya, kwa sababu mzinga wake wa mti bado ni mali. Ngoma nzima ziwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta wenye unyevu, maana unyevu hulegeza ngozi na kuiotesha ukungu. Nota zilizorudiwa punguzeni. Kuhusu vifaa vya kuondolewa kabisa, mwone kwanza mwalimu mkuu.