Vijana Wanaikimbia KiCad Siku ya Pili

SWALI: Fundi, habari za kazi? Nafundisha vijana saba elektroniki jioni, chumba cha nyuma cha duka la kaka yangu. Nimewawekea KiCad, programu ya kuchora saketi na bodi ya shaba ya kuilehemu, kwenye kompyuta mbili kwa kuwa ni ya bure, hela ya leseni hatuna. Siku ya kwanza walichora saketi ya chipu ya 555 ya kuwasha na kuzima taa, vizuri tu. Siku ya pili tukaanza bodi yenyewe, wakachanganyikiwa. Wiki iliyofuata walirudi watatu. Nitafute programu nyingine, au kosa ni langu?
Mwalimu wa jioni, Morogoro

JIBU: Nzuri mwalimu, na pole. Programu usibadilishe. Kilichowakimbiza nakijua, kilishanitoa jasho na mimi: ni pale mchoro unapogeuka kuwa bodi.

Kwenye mchoro, rezista ni alama tu. Haina unene wala miguu. KiCad haijui kama yako ni ile ndogo kama punje ya mchele au ile ya miguu mirefu iliyojaa kwenye droo za kaka yako. Lazima uiambie matundu yakae vipi, na mpangilio huo sisi karakana tunauita unyayo. Sasa kijana aliyeanza jana unamfungulia orodha ya nyayo, anakutana na R_Axial_DIN0207_L6.3mm_D2.5mm_P10.16mm_Horizontal. Hata mimi ningeaga. (Hapo cha kushika ni P10.16, yaani mguu hadi mguu milimita 10.16.)

Bodi yangu ya kwanza nilikuwa na BC547 mkononi, nikachagua unyayo wa TO-92_Inline kwa sababu TO-92 ndilo umbo la transista hiyo. Matundu yake yameachana milimita 1.27. Kulehemu tu, risasi ikatapakaa miguu yote mitatu kama uji uliomwagika. Nikakwangua kwa wembe hadi shaba ikabanduka. Kumbe kwenye orodha ileile palikuwa na TO-92_Inline_Wide, milimita 2.54, iliyotengenezewa mikono kama yangu.

Kwa hiyo vijana wako wasichague kitu kwanza. Kaa jioni moja peke yako, fungua droo za duka, uone mlicho nacho: rezista, kapasita, LED, BC547, NE555, kiunganishi cha betri. Tengeneza maktaba yako ya alama ndani ya KiCad, nakili humo alama za vitu hivyo tu, na kila alama ijazie kabisa unyayo wake. Pima miguu kwa rula kabla ya kujaza. Kijana akiweka alama, unyayo unakuja nao. Akimaliza kuchora anabonyeza F8, vitu vyote vinahamia kwenye ukurasa wa bodi, kazi yake inabaki kuvipanga. Matoleo ya zamani ulitoa faili la miunganisho huku, ukaliingiza kule. Ukisahau, unahangaika na bodi ya jana.

Kitu kingine kitakachowatisha: wakikagua mchoro, KiCad italalamika kwamba mguu wa umeme haulishwi, na betri wameichora! Kiunganishi cha betri, KiCad inakiona kiunganishi tu. Weka PWR_FLAG, alama ya kuiambia kwamba umeme unaingilia hapo, moja kwenye chanya na moja kwenye hasi, kelele zitaisha. Ziweke tayari kwenye mradi wa mfano, uufanye kiolezo, kila kijana aanzie hapo.

Aliyeianzisha KiCad mwaka 1992, Jean-Pierre Charras, naye alikuwa mwalimu, huko Grenoble, Ufaransa. Nadhani wanafunzi wake walikuwa na bahati ya kuwa naye chumbani.

Mkifika kuhamisha wino wa mchoro kutoka karatasini hadi kwenye shaba kwa pasi, njia za shaba zisipungue milimita 0.8. Na B.Cu, shaba ya upande wa chini, mkiichapa msiigeuze kama kwenye kioo: skrini inawaonyesha kama mnaitazama kutokea juu, kupenya bodi, na pasi ndiyo itakayoigeuza. Ukiigeuza na wewe, 555 utailehemu imelala chali, miguu juu.